Mjukuu Wangu Amenifanya Muuaji

Mimi kitabu cha mauaji naanza kukisoma kwa nyuma. Kurasa za mwisho kwanza, nimjue aliyeua, halafu narudi mwanzo nikae naye. Mjukuu wangu ananigombeza. Anasema namwibia mwandishi jasho lake. Namwambia wewe una miaka mingi ya kusubiri, mimi sina. Na raha yangu si kumtafuta mwovu. Raha yangu ni kumwangalia mtu anayejua alichofanya, anamimina chai, anamsalimia mchungaji, anauliza watoto wameamkaje, na kitabu kizima najua mimi na yeye tu. Ndivyo tunavyoishi na watu. Unamjua mtu alivyo, na Jumapili unakaa naye benchi moja mnaimba.

Shule niliishia darasa la tatu, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Kusoma nilikuja kukupata vizuri kwenye kitabu cha nyimbo za Kihaya, kidole kikitangulia na macho yakifuata. Kwetu neno ni moja: kushoma ni kusoma, na wazee wangu waliposema fulani anashoma, walimaanisha pia kwamba amebatizwa, anakwenda kanisani. Watu wa mikoa mingine wanatucheka Wahaya, wanatuita nshomile, yaani "nimesoma", kwa kuwa eti tunajivuna na vyeti. Mimi cheti sina, lakini mtu akiniita nshomile naitika. Vitabu alivyoniletea mjukuu wangu nimevisoma karibu vyote mpaka mwisho, au tuseme mpaka mwanzo.

Huyu mjukuu ni mtoto wa binti yangu. Amekulia humu ndani, Nyanga ya Bukoba, kwenye nyumba hii yenye kibanja nyuma, shamba letu la migomba na mibuni. Nimemlea tangu hajaota meno hadi amekwenda chuo kikuu. Sasa anafanya kazi ya ofisi Muleba, na Jumamosi akipata nafasi anakuja na mfuko: mkate, sukari, na kitabu. Vya Kiswahili nasoma mwenyewe na miwani yangu. Vya Kiingereza ananisimulia huku tunamenya ndizi, na nikimuuliza swali asilolijua ananiambia, "Bibi, mwandishi hakusema." Namwambia basi mwandishi wako mvivu.

Msikilizaji wetu wa pili ni jirani yangu, mjane kama mimi. Yeye Mkatoliki, mimi Mlutheri, na kibanja chake na changu vimetenganishwa na mstari wa miti tu. Macho yake yamechoka, herufi anaziona kama sisimizi. Mchana, kazi za shamba zikiisha, anakuja barazani kwangu na beseni lake, mimi nasoma kwa sauti, yeye anachambua maharage au anamenya. Halafu tunagombana.

Nitasema tunayogombania, kwa sababu nina maneno yangu juu ya hivi vitabu vya siku hizi.

Kwanza, mume. Katika hivi vipya vya nyumbani, vya mke na mume ndani ya nyumba moja, mume akipika chakula ukurasa wa kwanza, jua kuna maiti inakuja. Akimletea mke maua, mke aandae sanduku aondoke. Nimeshamzoea huyu mume. Ana meno mazuri, ana simu mbili, na mke anaiona ile ya pili kila mara kwenye koti lile lile. Jirani yangu alishasema, "Mume mwenye akili angeificha kwenye gunia la kahawa." Nikamwambia awaandikie barua.

Kulikuwa na kimoja cha nyumba ya vioo mlimani. Mume ameweka kamera hadi jikoni, anamwangalia mke akiwa kazini kwake. Mke analia, anajifungia chooni, anaongea na nafsi yake kitabu kizima. Nikamuuliza mjukuu wangu, "Jirani yuko wapi?"

"Hawana jirani, Bibi. Wanakaa peke yao."

"Nani anawaletea moto ukizimika?"

"Wana jiko la umeme."

Hapo nikaelewa ugonjwa wa kitabu. Si mume, si kamera. Ni nyumba isiyo na mtu wa kupiga hodi. Hapa kwetu mume hawezi kuchimba shimo kibanjani bila mtu kusimama kwenye miti akamuuliza unapanda nini, na kwa nini unakipanda kirefu hivyo. Jirani yangu hapo alijinyoosha kama mtu aliyepewa cheo. Alisema, "Mimi ndiye ninayekuweka hai, unaona sasa."

Kingine cha Kiswahili, cha mpelelezi wa Dar es Salaam. Nilikipenda mpaka nilipogundua mpelelezi hali chakula. Anakunywa kahawa, anavuta sigara, anapanda gari, anashuka, na hakuna mahali amekaa akala. Mtu asiyekula anapata wapi akili ya kumkamata mwingine? Na mwisho, yule muuaji alikuwa pacha wa marehemu, pacha ambaye hatukuwahi kuambiwa kwamba alizaliwa. Huo ni wizi. Kitabu hicho sikukimaliza, nilikiacha zikibaki kurasa chache tu kuufikia ule mwisho niliokwisha kuusoma. Mtu akinidanganya, anidanganye na vitu vilivyo mezani.

Kilichonikaa rohoni ni cha mama mwenye mali aliyepoteza kumbukumbu, na msichana anayemhudumia kumbe si yule anayejidai kuwa. Mimi nilikuwa nimeshasoma mwisho, lakini jirani yangu, ambaye hajui kitu, alimkamata mapema. Alisema, "Huyu msichana anakunja nguo za mama vizuri mno. Nguo za bosi zinakunjwa kwa haraka. Hivi ni kama anakunja nguo zake." Ikawa kweli. Siku hiyo nilimheshimu, ila sikumwambia.

Na neno langu kubwa ni la mama mkwe. Katika vitabu hivi mama mkwe ni wa aina mbili. Ama ni mpiga kelele, anaingia, anatukana supu, anatoka. Ama ni malaika mwenye mvi. Akiwa ndiye mwovu, basi mwishoni anashikwa na wazimu, anacheka peke yake, nywele zimesimama. Mwandishi anamtia wazimu kwa sababu anaogopa kusema kwamba mwanamke mzee anaweza kufanya jambo baya akiwa na akili timamu na leso safi mfukoni. Nilimwambia mjukuu wangu haya mara nyingi. Alikuwa anainamia ndizi zake tu. Sikujua kwamba ananisikiliza kwa masikio mengine.

Halafu Jumamosi moja akaja na karatasi zilizochapwa, zimefungwa kwa kamba ya katani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mkate uko wapi?"

"Leo nimeleta hiki. Ni changu, Bibi. Nimekiandika mimi."

Nilinawa mikono, nikaifuta, nikavaa miwani. Mtoto niliyemfundisha herufi ya kwanza kwa kijiti kwenye udongo wa huu ua, ameandika kitabu. Nilikishika kama wanavyoshika mtoto wa mtu mwingine. Kisha nikafanya ninavyofanya siku zote, nikageuza nyuma.

"Mwisho haupo," nikasema.

"Haupo."

"Umeuficha kwa sababu yangu."

Akacheka kidogo, akatazama migomba. "Ndiyo. Nakujua."

Aliniambia mambo yalivyo. Wachapaji wa vitabu wa Dar es Salaam walisoma sehemu ya kwanza wakaipenda. Wanataka kitabu kizima kabla ya Krismasi. Akikipeleka, kinaweza kutoka. Asipokipeleka, basi, nafasi inapewa mwingine. Na mwenyewe alisema kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Pengine nitaacha tu, Bibi. Kazi ya ofisi inanitosha." Nikamwangalia. Huyu mtoto alikuwa akiandika hadithi nyuma ya karatasi za kufungia sukari. Kazi ya ofisi haijawahi kumtosha.

Basi tukaanza kusoma, mimi na jirani yangu, barazani. Ulikuwa msimu wa mvua, senene, panzi wetu wa kuliwa, wameanza kuanguka, na yeye alikuwa na beseni la senene anawanyonyoa mabawa na miguu. Kwa mara ya kwanza nilisoma kitabu cha mauaji kama watu wengine, kwa mbele, kipofu.

Hadithi yenyewe ni hii. Msichana wa Mwanza ameolewa Bukoba. Anakaa na mume wake kwa mama mkwe, kwenye kibanja cha ukoo. Baba mkwe ameshafariki, kaburi lake limo humo kibanjani, chini ya migomba, kama tunavyozika sisi. Mume na mdogo wake wanataka kuuza kibanja wajenge mjini. Mara bi harusi anaanza kuumwa. Leo tumbo, kesho kizunguzungu, kila wiki anapungua. Anajua kuna mtu anamtilia kitu. Anamshuku shemeji, anamshuku mume. Mama mkwe hamshuku, na ana sababu. Kwetu mwenye kutoa kinywaji anaonja kwanza mbele ya mgeni, mgeni aone kwamba hakuna ubaya ndani. Mama mkwe yule haachi desturi hiyo hata kwa maji. Anaonja, anafuta ukingo wa kikombe kwa kiganja chake, anamtazama mkwewe, anasema, "Bado nipo." Halafu anampa.

Jirani yangu alicheka akamwaga senene. "Huyo ni wewe."

Ni kweli, huyo ni mimi. Hiyo "bado nipo" nimeisema tangu nilipokuwa na meno yote. Niliirithi kwa mama mkwe wangu, naye sijui aliirithi kwa nani. Wageni wanaipenda. Kila aliyekunywa kwangu ameisikia.

"Ameniweka kitabuni," nikasema, na nikajisikia mrefu. "Mama mkwe mwema, anayefuata desturi."

"Anayeringa," jirani akasema. "Amekupata barabara. Muuaji ni shemeji. Soma."

Nikasoma mpaka karatasi zilipokwisha. Bi harusi amesimama mlangoni mwa jiko anamtazama mama mkwe mgongo. Mama mkwe anaosha vikombe. Hapo ndipo panapokatika, katikati ya aya.

Siku kadhaa tulibishana. Yeye alishikilia shemeji. Mimi nilisema mume, kwa mazoea. Lakini kitu kilikuwa kinanikwaruza. Vinywaji vyote vinapita kwa mama mkwe, na mama mkwe ameonja, na mama mkwe haumwi. Kama sumu imo kikombeni, mzee angeanguka wa kwanza.

Alasiri moja mvua ilikuwa imekatika, jirani yangu amekuja na kiu. Nilikuwa nimekamua ndizi mbivu, juisi nzuri, haijachacha. Nikamimina, nikaonja, nikafuta ukingo kwa kiganja, nikanyanyua uso niseme maneno yangu. Sikuyasema. Nilikuwa nautazama mkono wangu.

Kiganja. Mama mkwe anaonja kwanza, kisha ndipo anapofuta. Kilicho mkononi mwake kinaingia kikombeni baada ya yeye kuonja, mbele ya macho ya mgeni, kwa heshima zote. Na mgeni anaona usafi.

"Umeona nyoka?" jirani akauliza.

"Hapana. Bado nipo. Kunywa."

Akanywa, akalamba mdomo, akaomba tena. Mimi nilikaa nimeufunga mkono wangu mapajani kama mtoto aliyeficha pipi. Nilianza kucheka moyoni. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu nilielewa na la pili. Mjukuu wangu hakuuficha mwisho. Mwisho haukuandikwa. Aliujua tangu ukurasa wa mbele, ndiyo maana alinipachika mle na kiganja changu, na alipofika mahali pa kusema ni nani, akakuta aliyesimama pale ni bibi yake. Akashindwa kuninyooshea kidole.

Kesho yake asubuhi nilichukua mkungu wa ndizi na zile karatasi nimezifunga kwenye kitenge, nikapanda basi la Biharamulo linalopitia Muleba. Tukapita Kemondo, ziwa likawa mkono wa kushoto, jeupe baada ya mvua, na mimi sikuliangalia sana. Nilikuwa natafuta maneno. Muleba nilishuka nikamkuta kwenye chumba chake nyuma ya soko, anapiga pasi nguo za kazini.

"Bibi? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Ni kiganja."

Akaiweka pasi chini. Akakaa kitandani taratibu, na nikaona macho yake yanajaa.

"Nilijua utaona," akasema. "Nilitaka uone na nilitaka usione."

"Ni kizuri. Sijawahi kukutana nacho kwenye vitabu vyote ulivyoniletea. Kwa nini hujaandika?"

"Waitu Bibi, bibi yangu, nitaandikaje? Kila mtu Nyanga anaijua bado nipo yako. Kanisa zima wanaijua. Wakisoma kitabu watasema nani?"

"Watasema mimi."

"Watasema wewe ni mtia sumu. Unakaa peke yako pale. Mtoto wa mtu akiugua tumbo, itakuwaje?"

Hakuwa anasema upuuzi. Kwa mwanamke mzee, mjane, anayekaa peke yake, neno kama hilo si mchezo. Nimeona mwanamke wa heshima akiacha kusalimiwa kwa sababu ya sentensi moja iliyosemwa msibani, na hakuna aliyekumbuka baadaye nani aliisema. Yeye analijua hilo, ndiyo maana alikuwa tayari kukitupa kitabu kuliko kunitupa mimi. Nilikaa nikaliangalia jambo hilo pande zote, na pasi inapoa.

"Badilisha kiganja," nikasema. "Mwambie anafuta kwa kitambaa."

"Nimejaribu. Kinakufa. Kitambaa kila mtu angekishuku."

"Kweli. Kitambaa ni cha wajinga." Nikazitoa zile karatasi kwenye kitenge. "Kwa nini anamtilia mkwewe? Usiniambie ni wazimu."

"Si wazimu. Bi harusi ndiye aliyempa mumewe wazo la kuuza kibanja. Mzee wake yumo mle chini. Mama hana mahali pengine, na hakuna aliyemuuliza. Watoto wote wanazungumza mbele yake kama vile hayupo."

"Ndiyo maana anasema bado nipo."

"Ndiyo maana, Bibi."

Sasa sikilizeni. Mimi kibanja changu hakuna anayekiuza, wanangu wananiuliza hata mti wa kukata kuni. Sijawahi kumtakia mkwe wangu hata mafua. Lakini yule mwanamke nilimwelewa mpaka kwenye mifupa. Sikubaliani naye. Ningemkamata kwa mikono yangu nikampeleka polisi, na njiani ningembebea mfuko wake. Kitabu kilichonifanya nisikie hivyo hakiwezi kuachwa kife kwa ajili ya umbea.

"Nifanye muuaji," nikamwambia. "Lakini nifanye mwenye akili. Nisicheke peke yangu mwishoni."

"Na watu?"

"Tutaanza na mmoja. Andika mwisho, uje nao. Nitamsomea jirani yangu. Yeye ndiye Nyanga yote, akijua yeye wamejua wote mpaka Nshambya. Akimaliza kusikia nitampa kikombe. Akinywa, peleka kitabu. Akikataa, tutazungumza habari ya kitambaa."

Akafuta macho. "Na kama atakunywa kwa adabu tu?"

"Yule? Ananiambia juisi yangu imechacha mbele ya mchungaji. Adabu ataitoa wapi?"

Nilikaa kwake Muleba siku kadhaa. Akirudi kazini anakaa mezani na ile kompyuta yake, mimi napika ndizi na maharage, nanyamaza. Kunyamaza kwangu ni kazi kubwa, wanaonijua wanajua. Mara ananiuliza, "Bibi, mtu akikamatwa wakati anaosha vyombo, anafanya nini na maji ya mikononi?" Namwambia anajifuta kwanza. Hata akikamatwa, anajifuta kwanza. Aliandika hivyo.

Jumamosi tukarudi pamoja. Jirani yangu alikuwa ameshatuona kutoka kwenye miti, akaja na beseni kabla hatujaweka mizigo. Nilivaa miwani. Mjukuu wangu alikataa kukaa, alisimama kwenye nguzo ya baraza amekumbatia mikono yake.

Nikasoma. Jirani yangu kwa kawaida ananikatiza kila aya, anauliza, anatukana watu. Siku hiyo alinyamaza. Nilipofika bi harusi anaposhika mkono wa mama mkwe, anaugeuza kiganja juu, na wote wawili wanakitazama, mikono ya jirani ilisimama juu ya beseni. Nikaendelea mpaka mwisho. Mama mkwe anajifuta maji. Hakimbii, halii, hana wazimu. Anamuuliza mkwewe swali moja tu, ambalo silisemi hapa, kinunueni kitabu.

Kuku walipita.

Jirani akasema, "Siku ile ya juisi. Ulipoutazama mkono. Ulikuwa umeshajua?"

"Nilikuwa nimeshajua."

"Na ukaniacha ninywe."

"Ulikuwa na kiu."

Aliniangalia. Nami niseme ukweli, niliogopa, kwa sababu huyu mwanamke nimepakana naye shamba ujana wangu wote na uzee wangu wote, na sikuwa na mwingine wa kuniuliza nimepanda nini.

"Nyinyi Walutheri hamna padri wa kuungamia," akasema, "ndiyo maana mnaandika vitabu." Akamgeukia mjukuu wangu. "Na wewe bojo, mtoto wangu, umemwonea yule shemeji. Nimemchukia kitabu kizima, kumbe kijana wa watu hana kosa. Nitaenda kumwambia nani samahani?"

"Umekipenda?" mjukuu akauliza, sauti nyembamba.

"Nimeumia. Yule mama hawakumuuliza. Wangemuuliza tu." Alipangusa mikono kwenye kanga yake. "Mwanangu naye ana maneno ya kuuza kipande kile cha bondeni. Atakuja Krismasi. Utamsomea na yeye. Soma taratibu, asikie vizuri."

Halafu akainua kidevu kuelekea jikoni kwangu. "Kuna juisi?"

Mjukuu wangu alikimbia kuileta, akamwaga kidogo njiani. Nikamimina kikombe. Nikaonja. Ilikuwa imeanza kuchacha kweli.

"Mkono huo," jirani akasema, "uweke mgongoni."

Nikauweka mgongoni. "Bado nipo," nikamwambia.

"Nakuona," akasema, akakipokea kikombe, ukingo bado mbichi kwa midomo yangu, haujafutwa, akanywa mpaka chini, akasema imechacha.